Usiniulize mbolea, niulize mizizi

Kila Mtanzania anayezunguka nyuma ya nyumba yangu hapa Brooklyn Park, jimbo la Minnesota, Marekani, mwezi wa tisa na kukuta boga linamfika kiunoni huuliza swali lile lile: "Dada, unatia mbolea gani?" Wakenya huuliza hivyo, Wakongo ninaosali nao huuliza hivyo. Siwalaumu. Sote tumekulia mahali ambapo shamba likikataa, dawa ya kwanza inayotajwa ni samadi. Lakini kwa jinsi nilivyoyafuatilia maboga haya, nikijaribu hili na kuacha lile, nimefika mahali pa kusema bila kusita kwamba mchango wa mbolea ni mdogo. Boga hukua kwa kadiri ya maji na sukari vinavyolifikia kila siku, na hivyo hutegemea njia vinavyopita: mizizi, shina na kikonyo. Ningelazimishwa kuchagua kazi moja tu ya kufanya msimu mzima, ningefukia shina.

Nitaeleza kwa nini. Ila lazima nianze na mbegu, maana bila mbegu yenyewe haya mengine yote hayana pa kusimama.

Boga letu la nyumbani Lushoto, Tanzania, hata ulilee vipi, lina kikomo chake. Haya makubwa yanayoonekana kwenye habari karibu yote ni ya ukoo mmoja, Atlantic Giant, uliotengenezwa na mkulima wa Kanada aliyeitwa Howard Dill, wa Windsor, Nova Scotia. Alikaa miaka mingi akichagua na kuchavusha kwa mkono, kisha akawa bingwa wa dunia mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Boga lake la 1981 lilikuwa na pauni 493.5, kama kilo 224. Kabla ya hapo dunia ilikuwa imesimama pale pale kwa muda mrefu sana: William Warnock wa Ontario alipeleka boga la pauni 403 kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis mwaka 1904, na ilibidi ipite miaka zaidi ya 70 ndipo mtu alivuke. Baada ya mbegu za Dill kusambaa, rekodi zilianza kuanguka moja baada ya nyingine. Mwaka 1996 pauni elfu moja zilipitwa. Mwaka 2012 Ron Wallace wa Rhode Island akafikisha pauni 2,009. Miaka miwili baadaye Beni Meier wa Uswisi akavuka kilo elfu moja. Stefano Cutrupi wa Italia akapata kilo 1,226 mwaka 2021, na mwaka 2025 ndugu mapacha wa Uingereza, Ian na Stuart Paton, wakapima kilo 1,278.8.

Katikati ya hao, mwaka 2023, yupo Travis Gienger, kilo 1,247. Huyu ni wa Anoka, mji ulio juu kidogo tu ya kwetu kwenye mto huu huu wa Mississippi, na anafundisha kilimo cha bustani katika chuo cha ufundi cha hapo. Habari zake ndizo zilizonifanya niuangalie uwanja wangu wa nyuma kwa jicho jingine. Jua lake ndilo langu, barafu yake ndiyo yangu.

Mbegu zenyewe huitwa kwa uzito wa boga zilikotoka na jina la ukoo wa aliyelikuza. Ukisikia "2009 Wallace", ujue ni mbegu iliyotoka ndani ya lile boga la pauni 2,009. Na kila mbegu inaandikwa mama yake na baba yake, mama ni mmea uliobeba boga, baba ni mmea uliotoa chavua. Wakuzaji wana ukarimu ulionishangaza: unatuma bahasha yenye stempu na anwani yako, inarudi na mbegu ndani, bure. Nami zangu nagawa vivyo hivyo.

Sasa udongo. Brooklyn Park imekaa juu ya uwanda mkubwa wa mchanga, ulioachwa na maji ya barafu ya kale ilipoyeyuka. Ndiyo maana zamani hapa palikuwa mashamba ya viazi. Jirani yangu, mzee aliyekulia kwenye mashamba hayo, aliniambia mapema kabisa kwamba mchanga huu hupitisha maji kama chekeche, na kwamba nisipoujaza mabaki ya mimea nitakuwa nalisha maji ya chini ya ardhi badala ya mmea. Kwa hiyo kila vuli nakusanya majani ya miti ambayo watu wa mtaa wanayapanga barabarani kwenye mifuko, nayachanganya na samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuoza, nayalaza ardhini, theluji inayakuta hapo.

Sitii mbolea kwa kukisia. Napeleka udongo kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Minnesota, pale St. Paul, na majibu yakija naangalia kwanza uchachu (pH), ambao nautaka kati ya 6.5 na 7, kisha kiasi cha mboji, kisha potasiamu. Fosforasi ilionekana ipo ya kutosha, basi zile mbolea za dukani zenye fosforasi nyingi sikuzinunua tena. Naitrojeni natia kidogo mwanzoni ili majani yajengeke, nikipunguza boga linapoanza kushika. Kalisi naijali kwa ajili ya ganda. Hayo ndiyo majibu yangu yote kuhusu mbolea, na kama umekuja kwa ajili hiyo unaweza kuishia hapa.

Mbegu naianzisha ndani ya nyumba mwishoni mwa Aprili. Ganda lake ni nene, kwa hiyo napitisha msasa ukingoni, nikiacha ncha inakotoka mzizi, naloweka kwenye maji ya uvuguvugu, kisha naweka kwenye kopo juu ya zulia la kupashia joto, nyuzi 30 hivi. Mwanzoni mwa Mei mche unatoka nje na kukaa chini ya kibanda cha nailoni, kwa sababu usiku wa Mei hapa bado unaweza kuua. Mtu wa Lushoto anajua baridi, lakini baridi ya kugandisha jani likaamka jeusi ni jambo jingine kabisa.

Tunachopata kwa kuvumilia baridi hiyo ni mwanga. Mwezi Juni jua hukaa juu ya Minnesota zaidi ya saa 15 kwa siku. Nyumbani, karibu na ikweta, mchana ni saa 12 mwaka mzima, unapungua au kuongezeka kwa dakika chache tu. Zile saa tatu za ziada, kila siku, kwenye majani mapana kama yale, ni sukari nyingi mno. Ndiyo sababu moja rekodi hizi zinatoka nchi za mbali na ikweta, na tusijione wakulima wabovu kwa kuwa hazitoki Njombe au Kinangop.

Mmea mmoja naupa eneo kubwa kuliko sebule yangu. Shina kuu linakwenda moja kwa moja, matawi yanatoka pande zote mbili kwa pembe ya mraba, na vitawi vya kwenye matawi navikata vyote vikiwa vichanga. Ukiutazama kutoka dirisha la juu unaona umbo la mti wa Krismasi uliolala. Umbo hili lina kazi: kila jani linapata jua lake, nami napata pa kukanyaga bila kuvunja kitu.

Na hapa ndipo naingia kwenye mizizi.

Kwenye kila fundo la shina la boga, pale jani linapotokea, pana uwezo wa kutoa mizizi. Liache shina hewani na mizizi hiyo itakauka ikiwa midogo sana. Fukia fundo kwa udongo wenye unyevu, na baada ya siku chache ukilivuta kidogo linakataa. Mmea uliofukiwa vizuri haunywi kwa mdomo mmoja wa pale ulipopandwa. Unakunywa kwenye kila hatua ya shina na matawi yake.

Nilitaka kujua faida yake ni kiasi gani hapa kwangu, kwenye mchanga huu. Nikachukua mbegu mbili za boga moja, nikapanda pande mbili za bustani, maji sawa, chakula sawa. Mmoja nikaufukia kila fundo, shina kuu na matawi. Wa pili nikaushikiza chini kwa vijiti tu, ili upepo usiupindue. Hadi katikati ya Julai ungeweza kudhani ninajisumbua bure, majani yalilingana. Joto la mwishoni mwa Julai lilipokuja ndipo nikaona. Mchana, mmea usiofukiwa ulikuwa unalaza majani yake yote. Ule uliofukiwa ulilaza machache ya pembeni na kuyasimamisha tena kabla ya jua kuzama. Boga la uliofukiwa lilimzidi mwenzake kwa zaidi ya robo ya uzito. Mimea miwili si ushahidi mkubwa, hilo najua, na huenda upande mmoja wa bustani ni mzuri kuliko mwingine. Kwa hiyo msimu uliofuata nikabadilisha pande, uliofukiwa ukaenda kule alikokuwa mwenzake. Matokeo yakaja vile vile, tofauti ikiwa ndogo kidogo kwa sababu majira yale hayakuwa ya joto kali.

Baadaye nilipata kusoma utafiti uliotoka mwaka 2015, wa Jessica Savage na wenzake. Mtaalamu huyo yuko huku huku, Chuo Kikuu cha Minnesota, tawi la Duluth. Walilinganisha maboga makubwa na ndugu zao wa kawaida, wakitafuta tofauti iko wapi. Wengi wangetarajia kwamba majani ya boga kubwa hutengeneza sukari kwa kasi zaidi. Hawakukuta hivyo. Walichokuta ni kwamba boga kubwa lina tishu nyingi zaidi za kusafirishia sukari, zile njia nyembamba zinazopita ndani ya shina na kikonyo kutoka kwenye jani hadi kwenye tunda. Kumbe Howard Dill na waliomfuata, walipokuwa wakichagua mbegu za boga kubwa kila mwaka, walikuwa wanachagua njia pana bila kuziona. Nilisoma karatasi ile nikiwa kwenye mapumziko ya zamu ya usiku, na nilirudi kazini nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu yeyote pale.

Tangu hapo kila jambo nalipima kwa swali moja: linafungua njia au linaiziba?

Chukua maziwa. Wazee wengi wa hapa watakuambia kwamba boga kubwa hulishwa maziwa. Unachana shina kidogo, unapitisha utambi, ncha nyingine unaichovya kwenye mtungi. Nilimheshimu mzee jirani yangu, nikajaribu kwenye mmea wa pembeni ambao haukuwa na boga la mashindano. Maziwa yalishuka kwenye mtungi, ndiyo, ila sehemu kubwa iliishia kwenye hewa na kwa nzi. Pale nilipochana palianza kulainika na kunuka, na boga halikuongeza kitu ambacho tepu ingeweza kukiona. Umetoboa njia ili upitishe kitu ambacho mmea haukukihitaji. Maziwa tunywe sisi.

Maji, kwa upande mwingine, yalinilipa sana. Kwenye mchanga, ukimwaga maji yote ya siku kwa mara moja, nusu yanapita mizizi na kwenda zake. Nikayagawa: mabomba ya matone yanafunguka kwa muda mfupi alfajiri, tena kabla ya adhuhuri, tena alasiri. Kiasi kile kile, lita mia kadhaa mmea unapokuwa kwenye kilele chake, lakini kwa vipande. Maji nayakalisha kwenye mapipa meusi kwanza yapate joto, maana maji ya bomba hapa ni baridi hata Julai. Baada ya kugawa hivyo, ile hali ya boga kukua sana leo na kudumaa kesho ilipungua. Na hilo ni muhimu kuliko linavyosikika, kwa sababu boga linalokua kwa kushtukiza, hasa baada ya mvua kubwa, hupasuka.

Uchavushaji ndio asubuhi ninayoipenda kuliko zote. Unalitambua ua jike kwa kiboga kidogo kilicho chini yake. Jioni ya kuamkia siku litakalofunguka nalifunga kwa kamba laini ili nyuki asinitangulie na kuleta chavua asiyoijua mtu. Alfajiri nachuma maua dume ya mmea nilioukusudia kuwa baba, nayatoa petali, nafungua ua jike na kupaka chavua taratibu kwenye vilele vyake vyote, yaani zile sehemu za katikati zinazopokea chavua. Wakuzaji hupenda ua lenye vilele vitano au zaidi, nami pia naona yanashika vizuri. Siku ikitabiriwa kuwa ya joto la kupita nyuzi 32, naweka kivuli na chupa za barafu pembeni ya ua, kwani joto hilo linaweza kulifanya lidondoke. Boga ninalolichagua lazima liwe kwenye shina kuu, mita tatu au nne kutoka kwenye chanzo, ili nyuma yake kuwe na majani na mizizi ya kutosha. Likishashika vizuri, mengine yote nayaondoa. Inauma, lakini njia ni hizo hizo, na walaji wakiwa wengi kila mmoja anapata kidogo.

Kikonyo kinahitaji uangalizi ambao mgeni haufikirii. Boga linapopanuka, mabega yake huinuka na kusukuma shina hadi likavunjika au kikonyo kikang'oka. Kwa hiyo likiwa changa, alasiri shina likiwa limelainika kwa jua, nalisogeza kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka boga lisimame mraba na shina, na shina lenyewe lijikunje kulikwepa. Karibu na boga sifukii. Hapo nakata vimizizi ili shina liweze kuinuka bila kuzuiwa. Hii ndiyo sehemu pekee ninayonyima mizizi, na sababu ni ile ile ya kulinda njia.

Chini ya boga naweka mchanga mkavu na juu yake kitambaa kizito kinachotumika kwenye viwanda vya karatasi, kinapitisha maji na boga linateleza juu yake linapopanuka. Boga lenyewe nalifunika kwa shuka nyeupe, kwa sababu jua likiligonga ganda moja kwa moja linakomaa na kukakamaa mapema, na ganda lililokakamaa halinyumbuki. Kila jioni napima: mzunguko wote, kisha kutoka ardhini upande mmoja kupita juu hadi ardhini upande wa pili, kisha kutoka upande wa kikonyo hadi upande wa kitako. Najumlisha vipimo hivyo vitatu na kusoma uzito kwenye jedwali ambalo wakuzaji wamelitengeneza kutokana na maboga mengi yaliyopimwa. Mabingwa wanaona zaidi ya kilo 20 kwa siku wakati wa kilele. Mimi sijafika huko, lakini nimeona siku ambazo tepu ya jana haikutosha tena, na moyo ulinienda mbio.

Mashindano yetu ya karibu ni Stillwater, mji mzuri ulio kando ya mto St. Croix, kila Oktoba. Hapo ndipo Chris Stevens wa Wisconsin alipovunja rekodi ya dunia mwaka 2010 kwa pauni 1,810.5. Boga linainuliwa kwa mikanda na winchi, linawekwa kwenye paleti, linafungwa kwenye trela. Waamuzi wanalikagua kila upande: lisiwe limeoza, lisiwe na ufa au tundu linalofika ndani kwenye uwazi wake. Boga langu bora lilipata pauni 846, karibu kilo 384. Pale Stillwater huo si uzito wa kumtikisa mtu, lakini lilikuwa limetoka kwenye mchanga wa viazi, na nililijua kila fundo lake.

Mama yangu alipopiga simu jioni ile, nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha swali lake likawa moja tu: "Na hilo boga lako linalika?" Nilimwambia kweli: nyama yake ni maji matupu, haina utamu wa boga letu, nilichokitaka ni ukubwa na mbegu. Akanyamaza kidogo, akauliza majani je? Majani ndiyo, mama. Ncha ninazokata Juni ni laini kabisa, ukitoa nyuzi zake na kupika kwa tui la nazi au karanga hutajua uko Minnesota. Hapo aliridhika. Nikamweleza habari ya kufukia mafundo. Amekwisha kujaribu kwenye maboga yake ya kawaida huko Lushoto, na anasema kiangazi kifupi cha katikati ya msimu kilipopita, yake yalibaki yamesimama. Kwa aliyeko nyumbani hilo ndilo la kuchukua hapa, kwani halihitaji mbegu ya Kanada wala kibali chochote. Wanaoniandikia niwatumie mbegu, kumbukeni kwamba mbegu haiingizwi nchini hivi hivi kwenye bahasha. Inahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka, na kibali cha mamlaka ya afya ya mimea ya nchi inakokwenda, TPHPA kwa Tanzania na KEPHIS kwa Kenya. Anzeni na hao.

Msimu ujao najaribu umbali. Mbegu mbili za boga moja tena, boga la kwanza nitaliacha mita tatu kutoka kwenye chanzo, la pili mita tano, nione kama majani ya ziada nyuma yake yanafidia siku zinazopotea kwa kusubiri shina lifike huko. Vipimo nitaviandika hapa kila wiki. Na mlio karibu, ukataji wa ncha unaanza Juni. Njooni na mifuko kabla sijaanza kupulizia dawa ya ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani, kwa sababu baada ya hapo majani simpi mtu.